Mali bila Daftari: Makaburi, Vitabu vya Kanisa na Majina ya Wazee Wetu

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa shule yetu, Karatu)



Katibu aliponiomba nizungumze, alidhani nitaeleza namna ya kuingia katika utumishi wa serikali. Nimechagua kuzungumza juu ya makaburi. Msishtuke. Sikuja kuwahuzunisha, nimekuja kuungama.

Baba yangu alipofariki, mimi nilikuwa kazini mbali. Shamba la ukoo nililikodisha kwa mkulima mmoja, na mapatano yote tuliyafanya kwa simu. Chini ya shamba lile palikuwa na rundo la mawe kando ya mti mkubwa. Utotoni tulikatazwa kuchezea pale, kwa kuwa alilala bibi mzaa babu yetu. Mimi sikumwambia mkulima, na dereva wa trekta hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mti uling'olewa, mawe yakatupwa mpakani, mahindi yakapandwa.

Mwaka uliofuata ukazuka ugomvi wa mpaka. Wazee wa baraza waliniuliza maswali mawili tu: nani alifyeka pori hili kwanza, na wa kwenu wamelala wapi? Ndugu zangu, mimi ni mhitimu wa chuo kikuu. Katika shule hii hii nilikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na aliyeuitisha, na mataifa yaliyohudhuria. Lakini jina la mama yule sikulijua. Shangazi yangu, ambaye hakukanyaga darasa, alisimama akataja vizazi saba bila kukwama. Alipotakiwa kuonyesha kaburi, alitembea katika mahindi, akarudi, akasimama kimya. Kile kipande tulikipoteza. Sikulaumu baraza. Ushahidi wetu niliulima mimi mwenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kuonyesha kwamba ukoo nao ni mali, na kwamba daftari lake limegawanyika katika sehemu tatu: kaburi, kitabu na kinywa. Ikikosekana sehemu moja, mbili zilizobaki huwa bubu.

Tuanze na kaburi. Pandeni hapo juu, mwendo mfupi tu kutoka Karatu, mfike Ngorongoro. Ndani ya kreta yako marundo ya mawe yaliyofunika makaburi ya watu wa kale mno. Watafiti waliyachimba, wakakuta mifupa na mabakuli ya mawe. Majina hawakuyakuta. Baadaye waliishi humo Wadatoga, mpaka Wamasai walipowashinda katika karne ya 19, na hata leo Wadatoga hulitaja eneo la msitu wa Lerai kuwa mahali walipolala wazee wao. Kwao mzee wa heshima hujengewa kilima juu ya kaburi, kwa sherehe inayokwenda kwa miezi, ili jina lake lisifutike. Wamasai desturi yao ya zamani ilikuwa nyingine. Si kila mtu aliyezikwa, ila wachache kama malaiboni, na mpita njia huongeza jiwe. Hesabu yao ya miaka waliiweka katika marika.

Sasa simameni ukingoni mwa kreta. Pale pana mnara wa mawe wa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, na baba yake Bernhard, aliyefariki 1987, amezikwa hapo pia. Watalii wa dunia nzima husimama wakasoma. Simwonei kijivu marehemu, maana aliipenda nchi hii. Nasema tu kwamba anakumbukwa kwa sababu kuna mtu aliyechonga jina lake katika jiwe.

Tena makaburi yana shida moja: watu wanapohama, yenyewe hayahami. Mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Miaka hiyo hiyo, Operesheni Vijiji iliwahamisha wananchi wengi nchini kutoka mahame yao. Tangu 2022 zimekuwapo familia zinazohamia Msomera, Handeni, kutoka Ngorongoro. Sisi Wairaqw nasi ni wahamiaji hapa. Wengi wa babu zetu walipanda Karatu kutoka upande wa Mbulu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Basi kijana atakayetafuta kaburi la kizazi cha tano asilitafute hapa. Arudi Kainam na Irqwar Da'aw, kwenye chimbuko.

Sehemu ya pili ni kitabu. Mapadri wa White Fathers walifika Mbulu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na shirika lao liliwataka waandike habari za misioni kila siku. Baada yao, kuanzia miaka ya 1940, walikuja Wapallottini kutoka Ireland, na mmoja wao, Patrick Winters, akawa Askofu wa kwanza wa Jimbo la Mbulu. Karatu iko Mkoa wa Arusha, na Mbulu iko Manyara tangu 2002, lakini Wakatoliki wa Karatu bado ni wa Jimbo la Mbulu. Kwa hiyo msishangae mkiambiwa habari za babu yenu ziko ng'ambo ya mpaka wa mkoa.

Baada ya aibu yangu nilikwenda parokiani, nikaomba kwa adabu, nikafunguliwa kitabu cha ubatizo. Kimeandikwa kwa Kilatini: jina la Kikristo, jina la nyumbani, baba, mama, msimamizi, na pembeni ndoa. Nilikaa nacho asubuhi nzima bila kumwona babu. Sauti zetu za tl, hh na q ziliwashinda wageni. Jina Tluway, yaani mvua, nililiona limeandikwa kwa namna tatu. Nikampigia shangazi simu, nikamsomea majina ya wasimamizi. Alicheka, akasema, "Huyo wa tatu ndiye jirani aliyemshika babu yako siku ile. Tazama mstari wake." Babu alikuwa hapo. Na kwenye nafasi ya mama yake palikuwa na jina ambalo baraza liliniuliza nikashindwa. Kitabu kilikuwa nalo miaka yote, lakini bila kinywa cha shangazi nisingelisoma. Wenzetu Walutheri nao wana vitabu vyao, na shauri langu kwao ni hilo hilo.

Hapa nawaletea mfano wa mbali. Wale mapadri walioandika majina ya babu zetu walitoka nchi ambayo daftari lake liliungua. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Ireland, jengo la kumbukumbu mjini Dublin liliteketea. Karatasi nyingi za sensa za karne ya 19 ziliungua, pamoja na vitabu vya mamia ya parokia za Kianglikana vilivyokuwa vimekusanywa humo. Vya Wakatoliki vilipona kwa sababu vingi vilikuwa vimebaki parokiani. Hata leo wajukuu wa Waireland kutoka Marekani na Australia huenda vijijini, wakapiga magoti katika makaburi ya zamani, wakasugua kuvu kwenye mawe wasome jina moja. Funzo ni kwamba daftari lisiwe moja, wala lisikae mahali pamoja.

Nikiwa mtumishi wa serikali niongeze neno la sheria. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, sheria hiyo inatambua haki ya jamaa kulipwa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, hata za matambiko. Lakini haki hiyo hudaiwa na jamaa anayejulikana, kwa kaburi linalojulikana. Barabara zinapanuliwa na miji inakua, Karatu yetu ikiwamo. Kaburi lisilo na mtu wa kulisema huhesabiwa kuwa rundo la mawe.

Sasa ninyi vijana. Likizo hii nawapa kazi, nayo haina mtihani. Chukueni daftari la kurasa hamsini. Mwulizeni bibi, babu, shangazi au baba mdogo, mmoja mmoja, wakati wa jioni. Msiulize, "Ulizaliwa mwaka gani?" Ulizeni, "Wakati wa Uhuru ulikuwa na umri gani? Wakati wa Operesheni Vijiji ulikuwa na watoto wangapi? Mwaka wa vita vya Kagera nani alikuwa mgonjwa?" Uhuru ni 1961 na vita vya Kagera ni 1978 na 1979, hivyo hesabu mtaipata wenyewe. Andikeni majina ya akina mama pia, maana ndiyo yanayopotea kwanza. Kisha tembeeni na mzee mpaka kaburini, mpime hatua kutoka kwenye nyumba, mchore ramani. Nakala ya pili mpeni ndugu anayeishi mbali.

Nanyi wenzangu wa zamani, msicheke. Ni wangapi kati yetu tuliojenga kwa bati na vigae mijini, na kaburi la bibi halina hata kibao?

Mimi mwaka jana nilirudi shambani na shangazi. Yale mawe yaliyotupwa mpakani tuliyakusanya, tukayarundika mahali anapodhani ndipo. Yeye mwenyewe alisema hana hakika, na mimi sitakuwa nayo kamwe. Juu yake tuliweka kibao cha saruji chenye jina lile la kitabuni. Ndicho nilichoweza kurudisha. Ninyi bado mna wazee wa kuwauliza. Waulizeni kabla ya trekta kufika.