Kabla ya Kumtafuta Mchawi, Tumuulize Marehemu

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya manaibu wa chifu, wazee wa mitaa na wahamasishaji wa afya ya jamii. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwaletea habari za kaunti. Lakini habari inayokimbia kuliko zote hapa Kisii na Nyamira hainisubiri mimi. Ni ile inayoanzia matangani usiku wa kwanza, mtu anaponong'ona kando ya moto: "Huyu hakufa hivi hivi." Kukipambazuka, jina la mtu limeshatajwa. Mara nyingi ni jina la mama mzee anayeishi peke yake.

Mnajua neno hilo, omorogi, limetufikisha wapi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa na umati hapa Gusii na nyumba zao zikateketezwa. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa kule Marani kwa tuhuma hizo hizo. Sikuja kuwagombeza. Kuuliza mtu wetu amekufa kwa nini ni haki ya kila familia. Nimekuja kusema kwamba kuna mahali pa kuuliza swali hilo, nako ni mochari, kwa upasuaji wa maiti.

Niwape mfano wa nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alianguka kwenye kituo cha kuuzia majani chai akiwa hajafikisha miaka 45. Hakuwa mgonjwa. Daktari alishauri afanyiwe upasuaji, wazee wakakataa, wakasema hatutaki akatwekatwe. Tukamzika Ijumaa. Wiki mbili baadaye jirani mmoja, mama aliyenipa ndizi nilipokuwa mtoto, alihama usiku na watoto wake. Hakurudi. Miaka minane ikapita, na binamu yangu, mtoto wa marehemu, akaambiwa hospitalini kwamba moyo wake ni mkubwa kupita kawaida. Daktari akamuuliza, "Baba yako alikufa na nini?" Hakuwa na la kujibu. Huenda ni ugonjwa huo huo na huenda sio. Hatutajua kamwe, na yule mama hatujamwomba msamaha.

Wengi wetu tunaogopa kwa sababu hatujui kinachofanyika. Kwanza ndugu wanautambua mwili. Familia inaweza kuleta daktari wake ashuhudie. Mwanapatholojia anakagua ngozi, kucha na macho, kisha anafungua kifua, tumbo na kichwa, anapima viungo na kuchukua vipande vidogo. Pakishukiwa sumu, sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na majibu hayo huchukua muda, kwa hivyo msishangae. Akimaliza, mwili unashonwa. Marehemu ataoshwa, atavikwa suti yake, na jeneza linaweza kufunguliwa watu wamuage. Hutaona mshono.

Kwa watoto wadogo kuna hata njia isiyotumia kisu. Majirani zetu wa Siaya na Kisumu wana mradi wa utafiti ambapo wazazi wakikubali, daktari hutumia sindano kuchukua sampuli za mapafu, ini, damu na ubongo wa mtoto aliyefariki. Kilichoonekana ni kwamba mara nyingi mtoto hauawi na kitu kimoja. Malaria inamkuta ameshadhoofika kwa utapiamlo, halafu nimonia inamaliza. Sisi tungesema ni jicho baya. Mama akijua ukweli huo, anajua pia cha kumlinda nacho mtoto anayefuata.

Vijana wa Shabana naona mmenyamaza. Haya, tuje kwenye michezo. Juni 26, 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, timu yake ikicheza na Colombia. Alikuwa na miaka 28, mtu wa nguvu. Uchunguzi wa kwanza haukutoa jibu. Wa pili ulionyesha misuli ya moyo iliyokuwa minene kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa. Ndiyo maana kijana akizimia mazoezini pale Gusii Stadium, asimwagiwe maji tu na kurudishwa uwanjani. Apelekwe apimwe moyo.

Na Februari 2024, Kelvin Kiptum alipofariki katika ajali ya gari pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, mitandao ilijaa hadithi za kila aina. Mwanapatholojia wa serikali, Daktari Johansen Oduor, alieleza kwamba Kiptum alipata majeraha makubwa ya kichwa, na sampuli zikachukuliwa kupima sumu pia. Uvumi haukukoma wote, lakini familia ilikuwa na jambo la kushika mkononi.

Kuhusu uhalifu sina haja ya kwenda mbali. Juni 2025 Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, hapa jirani, akafa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia wakauchunguza mwili, na Daktari Bernard Midia akaeleza waliyoyaona: majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na majeraha mengine sehemu mbalimbali. Hayakufanana na ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Maafisa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Bila upasuaji ule, maneno ya ukutani ndiyo yangebaki.

Lakini nisiwafiche: ripoti ni karatasi, na karatasi hushikwa na watu. Mwaka 1988 Mwingereza Julie Ward aliuawa Maasai Mara. Daktari aliyeuchunguza mwili aliandika kwamba ulikatwa kwa kitu chenye makali. Mkuu wake akaibadilisha ripoti ionekane umeraruliwa, kana kwamba ni wanyama. Baba yake marehemu hakukubali, na uchunguzi wa mahakama mwaka 1989 ukathibitisha kwamba aliuawa. Kwa hivyo ombeni nakala ya ripoti, isomeni, na msipoelewa ulizeni mfafanuliwe.

Sasa mambo ya kushika. Kifo cha ghafla kisichoeleweka, cha kupigwa, au cha mtu aliye kizuizini lazima polisi wajulishwe, nao wanaweza kuagiza upasuaji hata familia isipotaka. Kwa kifo cha kawaida hospitalini, ndugu wa karibu ndio wanaotoa idhini. Kifo kikitokea nyumbani, naibu wa chifu aambiwe kabla ya kaburi kuchimbwa. Mkishuku sumu, waambieni watu wa mochari mapema wasidunge dawa ya kuhifadhi mwili kwanza, kwa maana dawa hiyo huvuruga vipimo. Na msichelewe. Mwili ukishazikwa, kuufukua kunahitaji amri ya mahakama, gharama inapanda, na vingine vya kuchunguza vimeshaoza.

Wakati mwingine hata daktari atasema sababu haikupatikana. Hilo nalo ni jibu, japo ni gumu kulimeza. Halimpi mtu ruhusa ya kwenda kwa jirani na kiberiti.

Najua mtaniuliza habari ya pesa. Daktari wetu yuko hapa mstari wa mbele, na nimemwomba aanze na swali hilo. Mama mwenye leso nyekundu, wewe ulikuwa umeinua mkono tangu mwanzo. Karibu.