Habari Ziwafikie na Marafiki wa Mbali

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya msiba usio na turubai wala mkeka. Ni msiba wa rafiki uliyemfahamu kwa miaka, mkasalimiana kila asubuhi, mkashauriana na kutaniana, lakini hamkuwahi kuonana ana kwa ana. Rafiki wa namna hiyo anapofariki, nani ana wajibu wa kukuarifu? Nawe ukishaarifiwa, una wajibu gani?

Wako watakaosema kwamba urafiki huu umeletwa na simu za kisasa. Sivyo. Watu wa rika langu wanakumbuka kadi za salamu za Redio Tanzania Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma alimsalimu mtu wa Lindi mwaka hata mwaka, mpaka sisi tuliokuwa tukisikiliza tukayajua majina yao kama majina ya majirani. Walikuwapo pia marafiki wa kalamu, waliotumiana picha ndani ya bahasha na kuwekeana ahadi za kutembeleana. Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Hata hivyo, wengi wa hao walikufa kabla ya kukutana.

Redio hiyo hiyo ilikuwa na matangazo ya vifo. Mtangazaji alitaja jina la marehemu, mahali na siku ya mazishi, kisha akasoma orodha: habari ziwafikie kaka yake aliyeko Korogwe, shemeji yake wa Mbeya, na jamaa na marafiki wote popote walipo. Kabla tangazo halijapelekwa studio, watu wa nyumbani walikuwa wameketi na kuulizana: marehemu alikuwa na nani hapa duniani? Aliyesahauliwa katika orodha alinuna, na haki ya kununa alikuwa nayo.

Leo orodha hiyo imo ndani ya simu, nayo simu imefungwa kwa namba ya siri aliyoijua marehemu peke yake. Hapo ndipo penye tatizo, ndugu wasikilizaji.

Mimi nimo katika kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku. Tuko watu wa mikoa mbalimbali, na wengi wetu hatujawahi kupeana mkono. Kulikuwa na mama mmoja wa Songea ambaye tulimchukulia kama mwalimu wetu. Ndiye aliyetusisitizia kwamba chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, na kwamba irudiwe kila miezi mitatu hata kama kuku wanaonekana wazima. Mtu akiandika saa sita za usiku kwamba vifaranga vinakufa, yeye alijibu. Siku moja akanyamaza. Tukadhani amesafiri, tukadhani simu imeharibika. Wengine wakasema labda amechoshwa na maswali yetu.

Mwezi wa pili ujumbe ukaingia kutoka namba yake: "Shikamooni. Mimi ni mwanawe. Mama alifariki, tumeshamaliza arobaini. Samahani, ninyi ni akina nani?"

Swali hilo halikuwa na ufidhuli wowote. Kijana hakutujua. Tukaanza kumjibu mmoja mmoja. Mwenzetu wa Singida alimweleza kwamba mama yake alikaa naye kwenye simu mpaka alfajiri, usiku ule banda lake lilipovamiwa na ugonjwa. Mwingine akasema ada ya mwanawe imetoka kwenye mayai ya kuku aliofundishwa kuwalea na mama huyo. Kijana alisoma yote, kisha akaandika kwamba nyumbani walikuwa wakimlaumu mama kwa kuchezea simu usiku. Hawakujua kwamba alikuwa anafundisha.

Jambo kama hilo limepata kutokea mbali na kwetu, tena likajulikana dunia nzima. Huko Norwe alikuwapo kijana aliyeitwa Mats Steen. Alizaliwa na maradhi yanayodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na mwishoni aliweza kusogeza vidole tu. Muda wake mwingi aliutumia kwenye mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, ambamo watu wa nchi nyingi hucheza pamoja kupitia intaneti. Humo alijiita Ibelin. Alifariki mwezi Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walihuzunika mara mbili: kwanza kwa kumpoteza mtoto, pili kwa kuamini kwamba alikuwa ameishi maisha ya upweke, bila marafiki.

Baba yake akaandika habari za kifo kwenye ukurasa ambao Mats alikuwa akiandikia mambo yake, akaacha na anwani ya barua pepe. Barua zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali. Wazazi wakajua kwamba mtoto wao alikuwa mshauri wa watu wengi. Msichana mmoja wa Uholanzi alipozuiwa na wazazi wake kutumia kompyuta, Mats aliwaandikia barua wazazi hao kumwombea. Siku ya mazishi mjini Oslo, baadhi ya marafiki wale walisafiri kutoka nchi nyingine wakaja kusimama kando ya jeneza la mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Mwaka 2024 ilitoka filamu inayosimulia maisha yake, nao watu wengi wakaitazama.

Fikirini: kama baba yule asingeandika, wazazi wangebaki na huzuni ya pili mpaka leo, nao marafiki wangebaki na kimya kisicho na maelezo.

Najua yupo anayenisikiliza akasema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Rafiki wa kweli ni yule anayekuja na chepe makaburini na mwanamke anayeingia jikoni kusonga ugali wa waombolezaji. Sibishani naye. Mtu hazikwi kwa ujumbe wa simu. Lakini wahenga haohao walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyekesha nawe usiku wa manane kwa maneno, wakati jirani zako wamelala, amekufaa kwa dhiki. Hata tukimnyima jina la rafiki, hatuwezi kumnyima habari.

Naomba basi tukubaliane juu ya deni la pande mbili. Watu wa nyumbani wana deni la taarifa. Marafiki wa mbali wana deni la ushuhuda, kwa sababu wao wamebaki na sehemu ya marehemu ambayo nyumbani haijulikani.

Kulipa deni la kwanza ni kazi yetu sisi tulio hai. Chukua karatasi. Andika majina ya makundi uliyomo, na katika kila kundi andika jina na namba ya mtu mmoja wa kuarifiwa. Mpe mtu unayemwamini, au iweke pamoja na hati zako. Namba yako ya siri usiiandike humo, maana karatasi hupita mikono mingi na siku hizi fedha zetu zimo ndani ya simu. Wenye kutumia Facebook wajue kwamba tangu mwaka 2015 mtu anaweza kumteua mwenzake wa kuuangalia ukurasa wake baada ya kufa. Wala tusidhani kwamba simu ya marehemu itatungoja. Laini isiyotumika hufungwa, na baadaye namba hiyo hiyo yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Utatuma salamu za pole, akujibu mtu asiyekujua wewe wala marehemu.

Viongozi wa makundi nao wawe na namba ya ndugu mmoja wa kila mwanachama aliye tayari kuitoa. Itasaidia kuthibitisha habari, kwa kuwa matapeli wamekwisha kujua kwamba Mtanzania akisikia msiba huingiza mkono mfukoni. Rambirambi isitumwe kwa namba yoyote iliyojitokeza tu. Kwanza apigiwe ndugu, asikike sauti yake, ndipo mchango utoke.

Deni la pili halina gharama. Msibani kwa rafiki wa mbali, usiishie kuandika "pumzika kwa amani" na picha ya mshumaa. Maneno hayo kila mtu anayo. Andika alilokufanyia: alikushauri nini, alikuchekesha vipi, ulikuwa katika hali gani alipokupigia. Andika na mwaka kama unaukumbuka. Mtoto wa marehemu atayasoma maneno hayo leo akiwa analia, na atayasoma tena miaka kumi baadaye akiwa na watoto wake.

Katika kundi letu tumekusanya mafunzo yote ya mama yule wa Songea, kuanzia chanjo mpaka chakula cha vifaranga, tukayapanga na kumpelekea mwanawe. Naye ametuambia kwamba banda la mama halikuvunjwa. Kuku wamo, na kila miezi mitatu anawadondoshea tone moja jichoni.

Ndugu wasikilizaji, orodha ya redio ilikuwa na maneno "popote walipo". Siku hizi hao waliopo popote wameongezeka kuliko zamani. Tusiwaache nje ya tangazo.