Ukifunga Bao, Mpira ni wa Nani?

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa waliosoma shuleni hapa, Sumbawanga

 

Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya mchango wa wasomi katika maendeleo ya mkoa. Nilikubali. Baadaye nikatafakari, nikaona kwamba mada hiyo huzungumzwa kila tunapokutana, na kila ikizungumzwa wadogo zetu huko nyuma husinzia. Kwa hiyo, kwa idhini ya Mwenyekiti, leo nitazungumzia kandanda. Nitaeleza mchezo mmoja, na hasa dakika mbili za mchezo huo. Maendeleo ya mkoa yatatukuta mbele ya safari.

Kwanza nijitambulishe ili pasiwe na lawama. Mimi ni mpenzi wa Yanga tangu utoto. Nasikia Wanasimba wameanza kuguna. Watulie, zamu yao inakuja.

Mchezo wenyewe ulichezwa Jumapili, tarehe 28 Mei 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mchezo wa kwanza kati ya miwili, Yanga dhidi ya USM Alger ya Algeria. Yanga ya mwalimu Nasreddine Nabi haikufika pale kwa bahati. Iliifunga Club Africain kwao Tunis bao 1–0, ikaifunga Rivers United kwao Nigeria mabao 2–0, ikaifunga Marumo Gallants kwao Afrika Kusini mabao 2–1. Ilikuwa timu inayojua kwenda kwa watu na kurudi na ushindi.

Nilitazama mchezo huo hapa mjini, katika kibanda umiza, nimebanwa kati ya mfanyabiashara wa mahindi na kijana wa bodaboda. Dakika ya 32 Aymen Mahious akawafungia wageni. Tulikaa kimya kama tuliofiwa. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha. Ndugu zangu, kibanda kile nusura kianguke! Tulikumbatiana na watu tusiowajua, tukapiga kelele, "La pili! La pili!" Nilipogeuka kutazama tena runinga, wageni walikuwa wanashangilia. Dakika ya 84, Islam Merili. Mbili kwa moja. Mpaka leo bao lile nimeliona katika marudio tu. Lilipofungwa, mimi nilikuwa nimewapa mgongo.

Usiku ule sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi kilikuwa ni kumbukumbu ya uwanja huu mnaouona nyuma ya bweni. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa beki wa kulia wa timu ya shule. Tulicheza na jirani zetu, tukafunga bao zikiwa zimebaki dakika chache. Mimi, beki, nilikimbia uwanja mzima kwenda kumrukia mfungaji. Nilirudi natweta. Wenzetu wakaanza mpira, wakaupitisha upande wangu, na kabla sijavuta pumzi ya pili walikuwa wamesawazisha. Mwalimu wa michezo hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Ukifunga bao, mpira ni wa nani?"

Wadogo zetu, lifikirieni swali hilo. Kwa kanuni za mchezo, timu iliyofungwa ndiyo inayoanza mpira katikati ya uwanja. Maana yake ni kwamba ukishafunga, mpira ni wa mwenzako. Wewe unashangilia, lakini kazi yako ya kwanza baada ya kushangilia ni kulinda. Na unalinda katika saa mbaya kabisa: moyo unadunda, miguu imekwisha kwa kukimbilia kibendera, kila mtu anataka aifuate sifa mbele. Mpinzani naye ameumia, ana hasira, na mpira anao.

Nasema kama beki wa zamani juu ya kipasacho kufanywa. Mlinda mlango apange watu wake kwa sauti. Mabeki wa pembeni wasipande. Viungo wawili wakae mbele ya mabeki kama mlango na komeo. Mpira wa kwanza utakaopatikana upigwe mbali, au ukaliwe pembeni, mpaka damu ipoe. Dakika tano za namna hiyo zinatosha.

Mtaniuliza, kwa nini Yanga watulie wakati bao 1–1 nyumbani lilikuwa halitoshi? Hapo ndipo penye hesabu, na naomba wanafunzi wa hisabati wanisaidie. Katika mashindano yale, mabao yakilingana, ya ugenini ndiyo yanayoamua. Kwa 1–1, Yanga wangehitaji kwenda Algiers na kushinda bao 1–0. Kwa 1–2, ushindi wa 1–0 haufai kitu. Ushindi wa 2–1 unakupeleka kwenye penalti. Ili kuchukua kombe moja kwa moja unahitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili, au kwa mabao 3–2 na zaidi. Bao lile la dakika ya 84 liliubadilisha mlima kuwa ukuta.

Na mnajua kilichotokea Algiers tarehe 3 Juni. Dakika ya 7 Djuma Shaban akafunga kwa mkwaju wa penalti. Baadaye wenyeji nao wakapata penalti, na Djigui Diarra akaiokoa. Mchezo ukaisha 1–0, Yanga wameshinda, na kombe likabaki Algeria. Siwezi kuapa kwamba kama Dar es Salaam ingekuwa 1–1 basi tungelichukua, maana wenyeji nao wangecheza kwa namna nyingine. Lakini matokeo yaliyopatikana kule ndiyo hasa yaliyokuwa yanahitajika, laiti zile dakika mbili zisingekuwapo.

Sasa zamu ya Simba. Mwaka 1993, katika fainali ya Kombe la CAF, Simba walitoka 0–0 na Stella kule Abidjan, kisha wakafungwa 0–2 Dar es Salaam. Mwaka 2025 walifungwa 0–2 na Berkane kule Morocco. Katika mchezo wa marudiano Zanzibar walitangulia kufunga, na mwisho ukawa 1–1. Hesabuni wenyewe: fainali tatu za Afrika za vilabu vyetu, na nyumbani, mbele ya watu wetu, hatukushinda hata moja. Hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mwenzetu mmoja wa darasa langu, aliyepata kuishi Marekani, hunitania kwamba mpira wa kule ungetufaa. Katika mchezo ule timu ina kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda, na ukifunga, wanaingia walinzi ambao hawajachoka. Mchezo husimama kila baada ya tukio, na mwalimu anaweza kuomba mapumziko mara tatu katika kila nusu. Nilimjibu kwa mfano wa kwao. Katika fainali yao ya Februari 2017, Atlanta Falcons waliongoza 28–3 dhidi ya New England Patriots. Dakika chache kabla ya mwisho, wakiwa bado wanaongoza 28–20, walifika mahali ambapo wangeweza kukimbia na mpira mkononi, saa ikaenda, kisha wakapiga teke la kupata alama tatu. Wao wakataka kurusha tena mpira mbele. Mrushaji wao akaangushwa, likafuata kosa na adhabu, wakarudishwa nyuma hadi teke likawa haliwezekani. Patriots wakasawazisha, wakashinda 34–28 katika muda wa nyongeza. Kumbe hata ukipewa mapumziko na mwalimu wa kukunong'oneza, tamaa ya kuongeza inaweza kukuponza. Sisi tusio na mapumziko hayo hatuna budi kuubeba utulivu vichwani mwetu.

Je, jambo hili linawezekana? Linawezekana, na tumeliona hapa hapa. Tarehe 22 Oktoba 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela wa mji wetu huu, Tanzania Prisons waliwakaribisha Simba, mabingwa watetezi. Samson Mbangula alifunga mapema kipindi cha pili. Yalibaki kama dakika arobaini dhidi ya timu tajiri kuliko wao mara nyingi. Yakapita. Kipenga kilipolia ilikuwa bado 1–0. Tuliotoka uwanjani jioni ile tulisimuliana bao. Siku hizi nawaza kwamba tulipaswa kusimuliana zile dakika arobaini.

Ndugu Mwenyekiti, nimeahidi kufika kwenye maendeleo. Katika utumishi wangu nimehudhuria sherehe nyingi za uzinduzi. Kisima kinazinduliwa, ngoma zinapigwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Hilo ni bao. Kesho yake mpira uko kwa mpinzani, naye ni kutu, uzembe na mfuko wa matengenezo usio na fedha. Nimewahi kusimamia kisima cha namna hiyo. Nilikuwa bado napokea pongezi wakati kina mama walipokwisha kurudi mtoni na ndoo zao. Kosa lile silihamishii kwa mtu. Nilikuwa nimegeuka nyuma, nakumbatiana, kama kule kibandani.

Wazee wetu wa Ufipa walilijua hili bila kutazama mpira. Mkulima hapumziki kwa sababu mahindi yameingia ghalani, kwa kuwa dumuzi naye anaanza kazi siku hiyo hiyo. Nanyi wadogo zetu, mtihani wa majaribio ukiwaendea vizuri, furahini, mstahili. Pigeni makofi, imbeni hata bwenini. Kisha kila mmoja arudi mahali pake upesi, maana mtihani wa taifa ndio utakaoanza mpira.

Mwalimu wangu wa michezo hayupo tena duniani. Swali lake nililijibu vibaya mwaka ule, nikalijibu vibaya tena kazini. Leo nimelileta kwenu nikitumaini kwamba ninyi mtalijibu mapema kuliko mimi.