Pumzi ya Mja Mzito
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Neno langu la leo lawahusu wake zetu na binti zetu. Mja mzito apandapo kilima na ndoo ya maji, akasimama kuhema, wengi husema, "Ni mimba tu." Mara nyingi ni kweli. Tangu miezi ya kwanza mwili wa mama huvuta hewa kuliko kawaida, kadiri ya sehemu 40 zaidi katika kila 100. Na mimba ikikua huusukuma juu msuli ulio chini ya mapafu, hata kadiri ya sentimita 4. Kuhema kwa namna hiyo huja polepole, na akipumzika hutulia.

Lakini kuna kuhema kusikofaa kupuuzwa. Damu ikipungua, moyo hukimbia na pumzi hukatika kwa kazi ndogo; viganja na ndani ya kope hupauka. Malaria, minyoo na chakula kisicho na madini ya chuma huleta upungufu huo. Kwa hiyo yafaa mama aende kiliniki mapema, apimwe damu na kupewa vidonge vya chuma. Navyo avimeze kwa maji, wala si kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Tena mama akihema hali ameketi, au asiweze kulala pasipo kuinuliwa kwa mito, akiumwa kifua, akikohoa damu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, yaweza kuwa ni ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au wa damu kuganda. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Asingoje kupambazuke, wala asingoje idhini ya mume aliye mjini.

Wazee wetu, mmoja wetu akifa, sanduku la Chama hufunguliwa usiku ule ule, na gari la kumchukua maiti hupatikana. Hiyo ni heshima yetu, nasi tuidumishe. Lakini mama aliye hai, atafutaye pumzi, hungoja kikao cha kamati. Naomba mkutano huu uamue kwamba Mweka Hazina pamoja na mzee mmoja waruhusiwe kutoa nauli ya mgonjwa kama huyo saa yo yote, na hesabu ifuate baadaye.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Fedha hizi tulizichanga sote. Na zitufae tungali hai, kama zitufaavyo tukizikwa.