Tovuti ya Parokia na Vitu vya Kuazima

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Chanzuru, wilayani Kilosa)



Parokia nyingi sasa zina tovuti. Humo mfadhili aliye mbali huona kisima kimefikia wapi, na wengine huchangia humo humo. Leo tunapenda kuzungumzia jambo moja lisiloonekana kwa macho katika tovuti hizo, nalo ni vitu vya kuazima.

Ukurasa unavyojengwa

Mtu anapofungua tovuti kwa simu, huona ukurasa mmoja. Kwa kweli kinachofika kwanza ni orodha ya maelekezo: chukua maandishi haya hapa, chukua picha ile kule, chukua kihesabio cha wageni kwa fulani. Simu ndiyo inayokwenda kuchota kila kitu mahali pake. Fundi anayetaka kumaliza kazi upesi huelekeza vitu vingi kwenye seva za watu wengine, maana ni bure na ni rahisi.

Vitu hivyo ni vya aina mbili kubwa. Picha ya kuazima ni kama picha iliyotundikwa ukutani: mwenyewe anaweza kuibadilisha au kuiondoa. Skripti, yaani kipande cha programu, ni kama mgeni aliyepewa ufunguo wa vyumba vyote. Ikishaingia katika ukurasa, inaweza kusoma anachoandika mchangiaji, hata namba ya kadi yake ya benki, na inaweza kumpeleka mahali pengine bila yeye kutaka.

Mambo yaliyokwisha kutokea

Wenyeji wa Kilosa wanajua maana ya kitu kinachotoka juu ya mto. Maji yaliyofurika Mkondoa Desemba 2009 na Januari 2010 yalikusanyika mbali, lakini waliopoteza nyumba walikuwa watu wa huku. Katika intaneti nako mambo huenda hivyo.

Kwanza, mwenye mali anaweza kufunga. Juni 2017 kampuni ya Photobucket, iliyokuwa ikihifadhi picha za watu, ilibadili masharti yake. Aliyetaka picha zake zionekane katika tovuti nyingine alitakiwa kulipa karibu dola 400 kwa mwaka. Picha nyingi mno duniani zilitoweka, na mahali pake pakakaa tangazo la kudai malipo.

Pili, mwenye mali anaweza kuvamiwa. Tarehe 11 Februari 2018 wahalifu waliichafua skripti iitwayo Browsealoud, inayowasomea kwa sauti wasioona vizuri. Tovuti zaidi ya 4,000 zilikuwa zimeiazima, ikiwemo ya ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa za watu. Kwa saa kadhaa kompyuta za wageni zilitumiwa kimya kimya kuwachumia wahalifu sarafu za kidijitali.

Tatu, mwenye mali anaweza kuuza. Hili ndilo la kutisha zaidi. Skripti ya polyfill.io ilisaidia vivinjari vya zamani kufungua kurasa mpya, na ilitumika bila shida kwa miaka mingi. Februari 2024 jina hilo lilinunuliwa na kampuni iitwayo Funnull. Juni 2024 wataalamu wa kampuni ya Sansec walitoa taarifa kwamba tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiitumia, na kwamba baadhi ya wageni wenye simu walikuwa wakipelekwa kwenye tovuti za kamari. Skripti ilichagua saa na aina ya simu, na ilipomtambua msimamizi wa tovuti ilitulia. Kwa hiyo mwenye tovuti aliangalia kwake, akaona kila kitu ni salama. Ndugu zetu, tafakarini mama aliyefungua ukurasa wa parokia kutafuta taarifa ya mchango wa kisima, akajikuta kwenye kamari. Hataisikia kamwe habari ya skripti. Atakachokumbuka ni jina la parokia.

Nne, njia inaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana. Hata tovuti iliyowekwa katika seva ya Dar es Salaam, kama inasubiri skripti kutoka Ulaya, inaweza kubaki nyeupe.

Tano, mwenye mali anawahesabu wageni wenu. Kila simu inayochota picha kwake humwachia anwani yake ya intaneti na saa iliyofika. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti alipe euro 100 kwa sababu alitumia herufi za Google, na hivyo kupeleka Google anwani ya mgeni bila ridhaa yake. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na parokia haikusamehewa.

Tunayopendekeza

Hatusemi tovuti zifungwe. Tunaziomba kamati zifanye haya:

1. Mtakeni fundi aandike orodha ya kila kitu kinachotoka nje, anwani yake na kazi yake. Kisicho na kazi kiondolewe.

2. Picha, herufi na skripti zinazobaki zinakiliwe na kuwekwa katika seva yenu. Picha za watu wengine ziombewe ruhusa kwanza, na skripti zilizonakiliwa zisasishwe mara kwa mara.

3. Kwa skripti ambayo lazima itoke nje, fundi aweke alama ya uhakiki, ili kivinjari kiikatae ikibadilishwa hata herufi moja.

4. Ukurasa wa michango usiwe na kitu chochote cha kuazima, isipokuwa njia ya kumpeleka mchangiaji kwenye ukurasa wa benki au wa huduma ya malipo.

5. Orodha hiyo isomwe katika kikao kila robo mwaka, pamoja na taarifa ya fedha.

Kwa ninyi wafadhili, tunaomba mkubali kwamba siku mbili tatu za fundi ni gharama halali ya mradi. Kazi hii haina picha ya kupigwa wala jiwe la msingi la kuweka, na ndiyo maana huachwa nje ya bajeti.

Mhazini wa parokia hamkabidhi mpita njia ufunguo wa sanduku la sadaka, hata akiwa amemwona akipita kwa miaka kumi bila kuiba. Tunaomba tovuti nazo zilindwe kwa kipimo hicho hicho.