Kiwanja Pembezoni mwa Jiji: Nyumba, Usalama na Shule za Wajukuu Wetu



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika sherehe hii ya miaka kumi ya chama chetu, na bila shaka wengi mlitarajia tuseme juu ya kahawa. Ya kahawa yatasemwa na wenzetu. Sisi tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo wanachama hutuuliza kila yanapotoka malipo ya pili: mzee mwenye kijana Dar es Salaam, na kijana huyo amekwisha kuoa na kupata watoto, amsaidie kununua kiwanja upande gani wa jiji?

Swali hili si dogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika ile ya mwaka 2022 walifika 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakupata nafasi Kariakoo wala Upanga. Wengi wao wako pembezoni, kama Chanika, Goba, Bunju na Kibamba, na wengine wamevuka mpaka wa mkoa hata Kibaha. Huko ndiko ardhi inakouzwa kwa bei ambayo mkulima aweza kuifikia, na huko huko ndiko anakodanganywa.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika mwaka wa tatu wa chama, sisi wa Halmashauri tulinunua kiwanja jijini ili tujenge bweni la watoto wa wanachama wanaosoma huko. Tulikwenda kukitazama mwezi wa Septemba. Nchi yote ilikuwa kavu, lakini kiwanja chetu kilikuwa na majani mabichi upande wa chini. Tulifurahi, maana sisi ni wakulima, na mkulima akiona kijani wakati wa kiangazi hujua ardhi ni njema. Kumbe shambani ni neema, mjini ni onyo. Ilipofika masika tulikuwa tumekwisha kupeleka matofali, na maji yakayafunika yote. Ndipo tulipoelezwa ya kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali hakutuambia, nasi hatukuuliza. Fedha zile zilikuwa zenu, na katika hesabu za chama zimeandikwa kuwa ni hasara. Leo kiwanja kile hupandwa mchicha.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: kitazameni kiwanja wakati wa mvua. Katika Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, watu wakafa, na wengi waliokuwa wakikaa Jangwani na mabonde mengine ya Mto Msimbazi walipoteza nyumba. Mwaka uliofuata baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya jiji. Huko walikuwa salama na mafuriko, lakini kazi na biashara zao zilikuwa zimebaki mjini. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikaa bondeni kwa sababu bondeni ni karibu na riziki na kodi ni nafuu. Ardhi rahisi ina sababu yake ya kuwa rahisi, na kazi ya mnunuzi ni kuitafuta sababu hiyo mpaka aione.

Pengine sababu yenyewe ni barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo hapo ni mita 121.5 kila upande. Zilikuwamo nyumba imara, zenye umeme na maji. Umeme hauthibitishi haki ya ardhi, ndugu zetu, wala barua ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haithibitishi mipaka. Kiwanja kikiwa kimepimwa, chukueni namba yake mwende ofisi ya ardhi mkaulize kimesajiliwa kwa jina la nani, na kama kina deni au zuio. Kikiwa hakijapimwa, ulizeni kama eneo lina mchoro wa mipango miji, na kiwanja chenu kimewekwa kuwa nini katika mchoro huo. Kuna watu waliojenga nyumba mahali palipotengwa kwa shule!

Maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuhamia yapo. Sinza na Kijitonyama zilipangwa hivyo katika miaka ya 1970, na mwaka 2002 Serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 katika sehemu kama Bunju, Mbweni na Tuangoma. Ni kweli kwamba bei ya mahali pa namna hiyo huwa juu zaidi. Lakini sisi twaona heri kiwanja kidogo kilichopimwa kuliko eka moja yenye kesi.

Tuje sasa kwenye shule, maana wengi huliacha jambo hili mpaka nyumba imekwisha kuezekwa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Hilo limetupunguzia mzigo, na pia limejaza madarasa. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nendeni shuleni asubuhi ya siku ya kazi, mhesabu watoto wa darasa moja, mhesabu na matundu ya choo. Mwalimu Mkuu atawapokea. Sisi hatujafukuzwa hata mara moja.

Kisha tembeeni kwa miguu kutoka kiwanjani hadi shuleni, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba. Je, kuna barabara kuu ya kuvuka, au korongo lenye gogo badala ya daraja? Rudini tena saa moja jioni, maana msichana wa sekondari hurudi saa hizo. Waulizeni akina mama wanaochota maji; wao wanajua kuliko dalali ni njia gani haipitiki usiku.

Mwisho, andikeni nauli ya kijana wenu ya kwenda kazini na kurudi, muizidishe kwa siku 26. Ongezeni maji ya kununua kwa madumu ikiwa bomba halijafika. Kiwanja cha mbali mara nyingi hudai kila mwezi fedha ambazo zingelipia cha karibu.

Halmashauri imekubali ya kwamba mwanachama atakayetaka kununua aweza kufuatana na mjumbe mmoja wa chama, nauli ya mjumbe ikilipwa na chama. Safari ya kwanza itakuwa mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Bwana Karani anayo karatasi ya kuandikisha majina pale mlangoni.