Masuke Mawili na Uzi: Wimbi, Ugonjwa na Utafiti kutoka Matulo hadi Mandya

Wazee na kina mama wa Matulo, mmeacha palizi mkaja kusikiliza mhadhara.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa jeni na magonjwa ya mazao. Kwa mtu aliyesimama karibu na Webuye, na Kitale haiko mbali, jambo rahisi lingekuwa kuwasimulia habari za mahindi. Nitayapitia upesi, kisha nigeukie wimbi.

Utafiti wa mbegu za mahindi ulianza Kitale mwaka 1955 chini ya Michael Harrison. Mwaka uliofuata Kenya Seed Company ikaundwa papo hapo mjini. Mwaka 1959 Harrison alikwenda Amerika ya Kusini kukusanya mbegu, na mojawapo, Ecuador 573, ikapandishwa na mahindi ya Kitale. Mtoto wao ni H611, iliyotolewa mwaka 1964. Wengi wenu mmelelewa kwa ugali wa ndugu zake. Anayeona haya kutumia mbegu ya watu na ajue kwamba sahani yake ina Ecuador ndani.

Wimbi, kwa upande wake, ni mzaliwa wa huku. Ulilimwa kwanza katika nyanda za juu kati ya Uganda na Ethiopia, na maelfu ya miaka iliyopita ukavuka bahari ukafika India. Katika jimbo la Karnataka hupikwa sima nyeusi iliyofinyangwa mviringo, ambayo Mbukusu angeitambua kabla hajaonja. Sisi tumeuachia wimbi, yaani bulo kwa Kibukusu, kazi ya uji, busaa na sherehe za Agosti katika miaka ya tohara. Shamba kubwa tumelipa mahindi, na fedha za utafiti zikafuata huko huko.

Adui mkubwa wa wimbi ni kuvu wa blasti. Kina mama mnamjua, hata kama hamkuwahi kutajiwa jina hilo. Kwanza jani hupata madoa yenye ncha mbili, katikati kijivu na ukingoni kahawia. Ugonjwa ukiishia hapo, mmea huweza kupona. Hasara huja suke likishachomoza: shingo yake huwa nyeusi, chakula hakipandi tena, na punje zilizo juu ya hapo husinyaa. Mbegu za kuvu hubebwa na upepo, na umande wa alfajiri huzipa nafasi ya kuota. Huyu ni wa ukoo mmoja na kuvu anayeharibu mpunga, na jamaa yake mwingine alitua kwenye ngano ya Bangladesh mwaka 2016. Kunyunyiza dawa kwenye kishamba cha wimbi hakulipi. Kinga ya mkulima mdogo ni mbegu yenyewe.

Hapo ndipo India ina la kutufunza. Huko Mandya, Karnataka, kwenye kituo cha utafiti kiitwacho VC Farm, mtafiti C. H. Lakshmanaiah aliushughulikia wimbi kwa miongo kadhaa. Aliagiza mbegu kutoka Afrika, zenye bua nene na suke kubwa, akazipandisha na za India zilizozoea mvua na udongo wa kule. Aina alizozitoa ziliitwa Indaf, India na Afrika pamoja, na mavuno ya Karnataka yakapanda kwa kiasi kikubwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Bangalore walitoa GPU 28, inayohimili blasti ya shingo na ya suke. Miongoni mwa wazazi wake zimo Indaf.

Ngoja niwaonyeshe kazi yenyewe, kwa kuwa neno jeni huwatisha watu bure. Ua la wimbi ni dogo mno, lina dume na jike pamoja, na hujichavusha lenyewe. Kulikata dume kwa koleo ni mateso. Kwa hiyo mtafiti huchukua masuke mawili ambayo hayajachanua, moja la mmea wa kijani na jingine la mmea wenye rangi ya zambarau, akayalaza uso kwa uso na kuyafunga kwa uzi. Mbegu za suke la kijani huzipanda msimu unaofuata. Karibu zote humea kijani, maana zilijichavusha. Chache zikitokea na zambarau, hao ndio machotara, kwa kuwa rangi hiyo huishinda ya kijani. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Kinachotakiwa ni kuirudia mwaka baada ya mwaka.

Huku kwetu kazi haikukosekana kabisa. Mathews Dida wa Chuo Kikuu cha Maseno alishirikiana na wenzake wa ng'ambo kuchora ramani ya jeni za wimbi, iliyochapishwa mwaka 2007. Wazazi waliotumika walikuwa Okhale 1, wimbi wa Nepal, na mmea wa mwituni wa Afrika, jamaa wa lile jani mnalong'oa kila palizi mkilaani kwamba halitofautiki na wimbi hadi lichanue. Mwaka 2023 ilichapishwa jenomu, yaani seti nzima ya maelezo ya kijenetiki, ya KNE 796, wimbi wa Kenya. Watafiti wa Kenya na Uganda nao wamemchunguza kuvu mwenyewe wakakuta ana sura nyingi za kijenetiki, kwa hiyo ukinzani uliopimwa Karnataka hauna budi kupimwa tena hapa.

Ombi langu kwa kaunti na vyuo vyetu ni hili. Mbegu za kienyeji zilizomo majumbani Bungoma zipandwe bega kwa bega na GPU 28, bila dawa, bondeni penye umande. Kina mama waitwe kuchagua wakati shingo zinaanza kubadilika rangi. Siku ya mavuno watakuwa wamechelewa: shamba zima limekwisha kukauka, na suke tupu kwa mbali hufanana na lililokomaa.